Wakala, floti na kindege: kisa kimoja cha uraibu wa kamari na uchaguzi wa tiba

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mteja ametungwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wachezaji wa mijini Tanzania, na hakuna mtu mmoja halisi nyuma yake. Tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Mteja ni mwanaume wa miaka 29, ana mke na mtoto mmoja, na anaendesha kibanda cha uwakala wa pesa za simu Tandika, Dar es Salaam. Mtaji wa kibanda, shilingi 3,000,000, ni wa mjomba wake. Alianza na mikeka ya mpira, dau la 1,000 kwa timu 12, akashinda mara moja shilingi 1,140,000. Miaka miwili baadaye mpira ukawa unamchelewesha, kwa sababu mkeka unasubiri dakika 90, na kindege, mchezo wa mtandaoni ambao dau huzidishwa kadiri kindege kinavyopaa na asiyetoa pesa kabla hakijaanguka hupoteza, kinaanguka ndani ya sekunde chache. Anapofikishwa kwa mshauri na mjomba wake, floti, yaani salio la laini ya uwakala, ina upungufu wa 1,850,000. Juu yake kuna mikopo ya simu na ya kausha damu, ile ya riba kali, inayofikia 720,000. Deni zima ni 2,570,000.

Njia aliyopitisha hela ni nyepesi mno, na ndiyo inayofanya kisa hiki kiwe kigumu. Wakala akitaka kubeti hahitaji kukopa wala kuvunja sanduku. Anajiwekea pesa kwenye namba yake mwenyewe kutoka kwenye laini ya uwakala, kisha anazipeleka kwenye akaunti ya kubeti. Floti inashuka lakini keshi droo haipandi. Akishinda anarudisha, na akishindwa anangoja wateja wa kutoa ili floti yao izibe pengo la mteja wa kuweka.

Vitabu vya tiba vinasema mchezaji atengwe na pesa. Huyu pesa ndiyo kazi yake.

Tathmini ya siku ya kwanza

Kipimo cha ukali wa tatizo la kamari, PGSI, chenye maswali 9 na alama 0 hadi 27, kilitoa 19. Kuanzia 8 mtu huhesabiwa kuwa na tatizo la kamari. Kwa vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulioihamisha kamari kutoka kundi la matatizo ya kushindwa kujizuia na kuiweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, alitimiza vigezo 7 kati ya 9. Vinne vinatosha kuitwa ugonjwa, na 6 au 7 ni kiwango cha kati.

Viwili alivyokosa vina maana kuliko saba alivyopata. Akizuiwa kucheza hakasiriki wala kuhangaika kupita kawaida. Pili, hachezi ili kukimbia huzuni. Utotoni hakuwa na historia ya msongo, pombe hanywi, na dawa za ugonjwa wa Parkinson hatumii. Swali hili la mwisho huonekana la ajabu kwa kijana, lakini liulizwe kila mara, maana baadhi ya dawa zinazofanya kazi kama dopamini huleta kamari kwa mtu ambaye hajawahi kucheza. Blaszczynski na Nower mwaka 2002 waligawa njia za kuingia kwenye tatizo hili katika tatu: waliozoeshwa na mchezo wenyewe, waliobeba majeraha ya kihisia kabla ya mchezo, na wenye papara na ukiukaji wa mipaka tangu utotoni. Mteja huyu ni wa njia ya kwanza. Huzuni yake imekuja baada ya deni. Angekuwa wa njia ya pili, mpango unaofuata hapa usingemfaa, kwani angetibiwa kwanza kile anachokikimbia.

Kipimo cha sonona, PHQ-9, kilitoa 14, na kwenye swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru, alijibu "siku kadhaa". Hapo vipimo vikawekwa kando. Kuna washauri wanaoona haya kuuliza moja kwa moja, na sheria inachangia ukimya: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mteja hupima maneno. Mshauri aliuliza waziwazi kama ana mpango, kama amewahi kujaribu, na nani analala naye nyumba moja. Mpango haukuwepo. Mke aliambiwa mbele yake, kwa idhini yake, na namba ya mtu wa kupigiwa usiku ikaandikwa kwenye karatasi. Kwa wachezaji, hatari hupanda siku deni linapofichuka, na siku hiyo kwa huyu ilikuwa jana yake tu.

Tiba zilizokuwa mezani, na ukweli wa namba zake

Ukiuliza tiba ipi ndiyo bora, jibu la haraka ni tiba ya fikra na tabia, inayorekebisha mawazo na mazoea yanayomrudisha mtu kwenye mchezo. Jibu hilo si la uongo, ila limevaa nguo kubwa kuliko mwili wake. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2012, yaliyoongozwa na Cowlishaw, yalikusanya tafiti 14, na 11 kati yake zilihusu tiba hiyo. Mara tu baada ya tiba nafuu ilikuwa ya kati hadi kubwa sana, lakini kupita miezi 3 ushahidi ulikuwa kiduchu. Mwaka 2023 Pfund na wenzake wakajumlisha tafiti 29 zenye washiriki 3,991. Ukali wa tatizo ulishuka kwa kiwango kikubwa (1.14 kwa kipimo cha ukubwa wa tofauti kati ya makundi), mara za kucheza kwa kiwango cha kati (0.54), na kiasi cha pesa kidogo (0.32). Kwenye vipimo vya baadaye tofauti haikuonekana tena. Waandishi wenyewe wakaonya kwamba tafiti zenye matokeo mabaya huenda hazikuchapishwa.

Sababu kubwa ya namba hizo kuvimba ni mtu anayelinganishwa naye. Tafiti nyingi zinalinganisha waliotibiwa na walioambiwa wasubiri, na aliyeambiwa asubiri hana sababu ya kuacha leo. Isitoshe, wakimaliza kusubiri nao hutibiwa, kwa hiyo baada ya miezi sita hakuna tena wa kulinganishwa naye. Kisha kuna wakati wa kuja. Watu huja kliniki wakiwa chini kabisa, na wengine wangepanda kidogo hata bila tiba.

Tiba mbili zikipambanishwa uso kwa uso pengo hupungua. Sweden, mwaka 2010, Carlbring na wenzake waligawa watu 150 kwa kura. Kuna waliopewa mahojiano ya kuamsha nia, yanayomfanya mchezaji ataje mwenyewe sababu za kuacha, vikao 4 vya mtu mmoja mmoja, kuna waliopewa tiba ya fikra na tabia ya kikundi, vikao 8, na kuna waliosubiri. Tiba zote mbili zilisaidia, na kati yake hakuna iliyoshinda. Alberta, Kanada, mwaka 2001, Hodgins na wenzake walitumia watu 102. Simu moja ya kuamsha nia pamoja na kitabu cha kujisaidia ilizidi kitabu peke yake. Halafu kuna utafiti unaowaudhi wataalamu wengi, wa Petry mwaka 2008, wenye watu 180. Ushauri wa dakika 10 tu ulipunguza kamari katika wiki 6 kuliko kupimwa bila tiba, wakati vikao virefu zaidi havikuonyesha ubora huo kwa wakati ule.

Je, mteja wa Tandika apewe dakika 10 arudi kibandani? Hapana. Watu wa utafiti ule walitafutwa kwa kupimwa, hawakuja wenyewe kuomba tiba. Kwa aliyeanza kuteleza, dakika 10 ni dawa nzuri na bei yake inajulikana. Kwa mwenye vigezo 7, deni la mjomba na jibu la "siku kadhaa", ni kumfukuza kwa heshima.

Kilichompa mshauri mwelekeo ni utafiti mwingine wa Petry, wa mwaka 2006, wenye wachezaji 231 wenye tatizo zito. Kundi la kwanza lilielekezwa tu kwenye mikutano ya Gamblers Anonymous, ya wachezaji wanaosaidiana kuacha, iliyoanzia Los Angeles mwaka 1957. La pili lilipewa pia kitabu cha mazoezi, na la tatu vikao 8 vya ana kwa ana vya tiba ya fikra na tabia. Tiba iliongeza nafuu juu ya mikutano, na vikao vya ana kwa ana vilifanya vizuri kuliko kitabu kwenye baadhi ya vipimo. Hapo wanaolinganishwa wote walipewa kitu, na wote walikuwa wagonjwa kweli.

Kikundi kilikataliwa kwa sababu ya mahali. Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi ya huko ya miongozo ya tiba, wa Januari 2025 unaweka tiba ya fikra na tabia ya kikundi mbele, na kwa nchi yenye kliniki za kamari hilo ni sawa. Mteja huyu kikundi cha karibu alichopata ni cha nyumba ya upataji nafuu ya watumiaji wa heroini. Ndugu walikipendekeza kwa nguvu. Miezi minne bila simu ingempa takwimu nzuri sana, kisha angerudi kibandani, akafungua droo, na kila kitu kingekuwa pale alipokiacha. Ndugu walitaka pia aapishwe msikitini. Mshauri hakukipinga kiapo wala kukihesabu kama tiba. Mwenye kuapa aape, lakini floti ihesabiwe.

Wiki ya 1: hesabu kabla ya fikra

Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Tiba ya fikra na tabia ikifundishwa darasani huanza na mawazo potofu: kuamini kwamba bahati ina zamu, kwamba kushindwa mara nyingi kunakaribisha ushindi. Ukianza hapo na mtu mwenye pesa mkononi, utakuwa na mchezaji anayejua nadharia ya uwezekano na bado anabeti. Pesa ifungwe kwanza.

Kwa wakala kanuni ni moja: floti jumlisha keshi sawa na mtaji, wakati wowote wa siku. Daftari la mistari lilinunuliwa. Saa 6 mchana na saa 2 usiku mjomba, au mtu wake, anasoma salio la laini ya uwakala, anahesabu keshi droo, anajumlisha, anaandika. Kamisheni inaandikwa safu yake. Ikipungua hata 5,000, swali linaulizwa siku hiyohiyo. Huduma ya pesa kwenye laini binafsi ya mteja ilifungwa, na mshahara wake ukawa unaingia kwa mke. Simu janja iliuzwa, akanunua kitochi.

Kitochi kilisaidia nusu. Kindege kinahitaji intaneti, kwa hiyo kilikatika. Mikeka haikukatika, kwa sababu inaweza kuwekwa kwa menyu ya nyota na reli kwenye simu yoyote. Akaunti zake za kubeti zilikuwa 5. Uingereza kuna GAMSTOP, ambako mchezaji hujifungia mara moja kwenye kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya huko. Kwake ilibidi kuandikia kampuni moja moja kuomba akaunti ifungwe, akitumia simu ya mke, na kuhifadhi picha ya skrini ya kila jibu. Ilichukua siku 9. Meseji za "bonasi yako inakusubiri" ziliendelea kuja hata baada ya hapo, mpaka namba zilipozuiwa.

Deni nalo lina namna yake. Ukoo ulishakubaliana kuchangishana 2,570,000 walimalize. Mshauri aliwaomba wasifanye hivyo. Kutegemea wengine wakuokoe ni kigezo cha tisa cha DSM-5, na deni likifutika usiku mmoja, kinachobaki ni mtu msafi anayekopesheka upya. Walilipa ya kausha damu tu, kwa kumpelekea mkopeshaji mkononi. La mjomba likagawanywa 150,000 kwa mwezi, miezi 13, mwezi wa mwisho ukibaki na 50,000.

Wiki ya 2: kuamsha nia

"Dada, mimi nataka nirudishe tu hela ya mjomba. Nikishairudisha, naacha."

Jibu la kawaida la ndugu ni mahubiri, na mahubiri humfanya mtu atetee kamari. Mshauri aliuliza kitu kingine. "Umeshajaribu kuirudisha kwa njia hiyo mara ngapi, kaka?"

"Mara tatu kubwa."

"Nitajie deni lilikuwa ngapi ulipoanza na ngapi ulipomaliza."

Akataja mwenyewe, na mwenyewe akaandika: kutoka 350,000 hadi 600,000, kutoka 600,000 hadi 1,100,000, kutoka 1,100,000 hadi 1,850,000. Akaitazama karatasi muda mrefu. Mshauri hakuongeza neno. Ukimya huu ni sehemu ya mbinu, na wanaoanza kazi huuharibu kwa kuujaza.

Kisha swali la kipimo: kutoka 0 hadi 10, una uhakika gani kwamba unaweza kukaa mwezi bila kubeti? Alisema 4. Swali linalofuata si "kwa nini si 10", maana hilo litamfanya ataje udhaifu wake. Ni "kwa nini 4, na si 1?" Alijibu kwamba mwezi wa Ramadhani aliacha siku 19. Siku hizo 19 zikawa mali ya tiba kuanzia hapo. Alifanyaje? Alikuwa anafunga kibanda saa 11 jioni na hakuwa peke yake usiku.

Wiki ya 3 na ya 4: hesabu za kindege na za mkeka

Sasa mawazo yanaweza kuguswa. Imani yake kuu ilikuwa kudabo: unaweka 1,000 ukilenga mara 2, ukikosa unaweka 2,000, kisha 4,000, mpaka ipatikane, na "lazima ipatikane". Ladouceur na wenzake wa Quebec walionyesha mwaka 2001 kwamba kazi ya kusahihisha fikra za namna hii peke yake inaweza kuwatoa wengi nje ya vigezo vya ugonjwa. Lakini haifanyiki kwa kumwambia mtu amekosea. Inafanyika kwa penseli.

Mchezo unaotangaza kurudisha asilimia 97 una nafasi ya asilimia 48.5 kufika mara 2, si 50. Kukosa ni 51.5. Kukosa mara 8 mfululizo ni kuzidisha 0.515 yenyewe kwa yenyewe mara nane, na inatoka kama 0.005, yaani mara moja katika majaribio 200 hivi. Hiyo inasikika ndogo, na ndiyo inayodanganya. Kila jaribio lililofanikiwa linaleta 1,000 tu. Lililoshindikana linachukua 1,000 na 2,000 na 4,000 mpaka 128,000, jumla 255,000. Kwa majaribio 200 mtu anavuna 199,000 na kupoteza 255,000.

"Majaribio 200 ni muda gani?" mshauri aliuliza. Jaribio moja kwa wastani lina mizunguko 2, na mzunguko ukichukua sekunde 15, majaribio 200 ni saa moja na dakika 40. Alicheka, cheko la mtu aliyekamatwa, akasema usiku wake mmoja ulikuwa saa tatu.

Mkeka ulifanyiwa vivyo hivyo. Kampuni ikijikatia asilimia 5 kwenye kila mechi, mkeka wa mechi 12 hauwi na makato ya asilimia 5. Makato yanazidishana mpaka katika kila 1,000 thamani inayobaki ni 540. Na ule uchungu wa "timu moja tu imenichania"? Ukiwa na timu 12, kila moja ikiwa na asilimia 65 ya kushinda, kupatia zote ni mara moja katika 176, na kukosa moja kamili ni mara moja katika 27. Kukosa moja ni kawaida zaidi ya mara sita kuliko kushinda. Alikuwa akiisoma kama dalili kwamba yuko karibu. Sentensi yake ya kazi ya nyumbani, aliyoitunga mwenyewe na kuiandika nyuma ya daftari la floti, ilikuwa: "Kukosa moja ndio kushindwa kwa kawaida."

Wiki ya 5: taswira

Hamu haiishi kwa hesabu. Arosto ilimpata saa 3 usiku, kibanda kikiwa kimefungwa na mke bado yuko jikoni. Kwa hili ilichukuliwa mbinu ya Sydney, ya McConaghy na wenzake, waliyoilinganisha na tiba ya adhabu kwa watu 20 mwaka 1983 na kuona inazidi. Kule ilifanyika wodini, vikao 14 ndani ya wiki moja. Hapa ilirekodiwa ili aifanye nyumbani mara mbili kwa siku, kwa siku 10.

Rekodi ina dakika 18. Dakika 5 za mwanzo ni kulegeza misuli: ngumi, mabega, taya, miguu, kaza na uachie. Halafu hadithi yake mwenyewe, polepole: unafunga kibanda, unasikia vijana kijiweni wakitaja odi, mkono unaingia mfukoni, unaigusa simu, unaona unachotaka kufanya. Hapo anaambiwa alegeze tena mpaka tamaa ishuke, kisha hadithi inaendelea: unautoa mkono, unapita, unafika nyumbani. Asirukishwe sehemu ya tamaa. Hadithi isiyo na tamaa ni usingizi tu. Rekodi iliwekwa kwenye memori kadi ya kitochi, ili asilazimike kushika simu janja kwa ajili ya tiba.

Kati ya mara 20 alizopangiwa alifanya 13. Kwa nyumba ya chumba kimoja yenye mtoto, hiyo si mbaya.

Wiki ya 6: kuteleza

Mjomba alisafiri kwenda Tanga msibani, siku nne. Daftari halikuhesabiwa. Siku ya kwanza mteja aliweka 20,000 kwenye namba ya kijana wa bodaboda pale kijiweni, wakacheza kindege kwenye simu ya kijana. Siku ya nne upungufu ulikuwa 310,000. Alimwambia mke kabla mjomba hajarudi, na hilo halikuwahi kutokea kabla ya hapo.

Kosa la kwanza lilikuwa la mpango. Ulinzi wote ulining'inia kwa mtu mmoja, na mtu mmoja huenda msibani. La pili: laini yake ilifungwa, lakini hakuna aliyeuliza kama kuna namba ya mtu mwingine inayoweza kupokea pesa. Kipengele hicho kilipaswa kuwepo tangu wiki ya 1: taja watu watatu ambao wangekubali kukubetia. La tatu, mshauri alikuwa amekiweka kikao cha kuzuia kuteleza mwishoni, kikao cha 8, kama kitabu kinavyopanga. Kilipaswa kuja mapema.

Kikao cha wiki hiyo kilichora mnyororo wote: mjomba kusafiri, "nitajaribu 20,000 tu", kushinda 34,000 dakika ya kwanza, kudabo, kisha kukimbiza hasara. Marekebisho yalikuwa matatu. Mke ana nakala ya daftari na anahesabu mjomba asipokuwepo. Mjomba anachukua taarifa ya miamala ya laini ya uwakala kila Jumamosi na kutafuta namba inayojirudia. Na fedha za 310,000 zikaongezwa kwenye deni, zisifutwe kwa huruma.

Namba za mwisho, na zinavyodanganya

PGSI haikurudiwa baada ya wiki 8. Inauliza miezi 12 iliyopita, kwa hiyo ukiirudisha baada ya miezi miwili utapima yaleyale. Tulishaona taarifa za miradi zinazoonyesha PGSI imeshuka kwa nusu katika wiki 6, na hapo kilichoshuka ni umakini wa mpimaji. Kwa muda mfupi ilitumika G-SAS, kipimo cha dalili za kamari, maswali 12 kuhusu wiki iliyopita, alama 0 hadi 48. Mwanzoni alikuwa na 33, wiki ya 4 akawa na 19, ya 6 akapanda hadi 27, ya 8 akashuka hadi 17.

Kalenda ya siku za kucheza inasema zaidi. Wiki nne kabla ya tiba alicheza siku 23 kati ya 28 na kupoteza 486,000. Wiki ya 5 hadi ya 8 alicheza siku 4 na kupoteza 310,000. Siku zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80, pesa kwa asilimia 36 tu. Ukiandika siku peke yake umepata muujiza, ukiandika pesa peke yake umepata aibu. Huenda hiyo ndiyo sababu matokeo ya Pfund yanapishana kati ya mara za kucheza na kiasi cha pesa, na ndiyo sababu anayelinganisha tiba kwa kipimo kimoja anaweza kuthibitisha karibu chochote.

Wiki ya 20, miezi 3 baada ya vikao kuisha: siku 1 katika 28, dau la 5,000, G-SAS 11, PHQ-9 ikashuka hadi 6, swali la tisa "hapana". Deni la mjomba, pamoja na lile la Tanga, limebaki 1,710,000.

Nani anastahili sifa? Kwa kisa kimoja haiwezekani kutenga. Tukilazimika kupanga, daftari tungeliweka la kwanza, karatasi ya madeni matatu la pili, penseli ya kindege la tatu, na taswira la nne, labda kwa sababu ilifanywa mara 13 tu. Kwa mchezaji asiye wakala mpangilio ungebadilika, kwani kufungiwa akaunti na kukabidhi mshahara kungemaliza sehemu kubwa ya kazi ya daftari.

Vikao vya kukumbushia bado vina ubishi. Hodgins alivijaribu mwaka 2009 kwa watu 314 na havikuongeza kitu juu ya simu moja na kitabu. Hata hivyo kimoja kimewekwa, wiki mbili kabla ya ligi kuanza Agosti, na mke ameambiwa aje na daftari. Kikao kitaanza kwa kufungua kurasa za siku ambazo mjomba hakuwepo.